Nilificha safu, soko zima likasoma

Shikamoo dada,

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Muheza, mkoani Tanga. Tuko wanawake 27, wengi wetu wa sokoni na wachache walimu. Kazi hii nimeishika mwaka jana, baada ya mwenzetu aliyekuwa mweka hazina kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyetutoa kwenye daftari akatuingiza kwenye kompyuta, na mimi nikaendelea pale alipoachia: shiti moja ya Excel yenye majina yetu, namba za simu, namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa), hisa, mfuko wa jamii, faini, mikopo na marejesho.

Safu moja niliiongeza mwenyewe, safu ya H, nikaipa kichwa "Sababu". Kamati ilikuwa haiishi kubishana nani apewe kwanza mkopo wa dharura, nikaona bora pawe na kumbukumbu. Ada ya shule, mtaji, kuezeka, matibabu. Kwa mama mmoja niliandika ugonjwa wenyewe na kliniki anayohudhuria, maana ndivyo alivyotueleza kwenye kamati.

Mwezi uliopita, kabla ya kikao, wanachama waliomba waone hesabu. Nikaificha safu ya H, nikaenda kwenye "Protect Sheet", nikaweka nywila. Nikajaribu mwenyewe kuifichua, ikakataa. Nikaridhika, nikalituma faili kwenye kundi letu la WhatsApp.

Siku ya tatu niko sokoni nanunua dagaa, muuza nyanya ambaye hata si mwanachama akaniinamia sikioni akaniuliza kama ni kweli mama fulani anaumwa, na ugonjwa akautaja. Miguu iliniisha nguvu. Kumbe mwenzetu mmoja simu yake haifungui mafaili hayo, akampa mwanawe amfungulie kwenye kompyuta. Kijana akaona safu ya G inafuatwa na I, akataka kujua H imekwenda wapi. Anasema haikumchukua dakika tano. Yule mama hajaja kikao tangu hapo, na simu yangu hapokei.

La pili. Marehemu aliacha faili jingine, la hesabu za miaka 2 ya mwanzo, jina lake linaishia na .xlsx. Ukilibofya linadai nywila kabla halijaonyesha chochote. Tumejaribu majina ya wanawe, jina la kikundi, wapi. Kijana yule yule aliyelifungua langu kalijaribu hilo, kashindwa. Fundi mmoja mjini anataka 80,000, nusu iwe mkononi kwanza, na anataka tumwachie flashi yenye faili.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, dada. Yote mawili ni Excel, yote mawili yana nywila. Kwa nini langu lilifunguka kama limefungwa kwa uzi, na la marehemu halitikisiki? Tumlipe fundi? Na yule mama nimwendee vipi?

Mweka hazina, Muheza

*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na yule mama, maana hesabu zinaweza kungoja.

Nenda nyumbani kwake. Usimpigie tena, usimwandikie, usimtume mtu. Nenda jioni, wewe na mwenyekiti wenu, au peke yako kama mwenyekiti ni mtu wa maneno mengi. Mwambie ulichofanya kama ulivyoniambia mimi: niliandika habari yako mahali pasipohitajika, nikaificha, nikadhani nimeifunga, kumbe sikufunga. Usianze na kijana. Kijana ana kosa lake, la kuisambaza siri ya mtu mzima, na kamati imkalishe chini na mama yake akiwepo. Lakini ukimtanguliza yeye, mgonjwa atasikia unajitetea. Mweleze na faili limefika kwa nani: wanachama wote kwenye kundi, na kompyuta moja unayoijua. Hilo ni haki yake kulijua. Kisha muulize angependa kikundi kiambiwe nini, na jibu lake ulipokee hata kama ni "msiseme neno". Akikataa kukufungulia siku ya kwanza, rudi.

Sasa kufuli. Excel ina vitu viwili tofauti kabisa ambavyo vyote vinakuomba nywila, na watu makini wengi wamejikwaa hapo kabla yako. "Protect Sheet" uliyoitumia wewe ni pazia la mlangoni. Mwenye adabu akilikuta limeshushwa anapiga hodi na kusubiri. Asiyejali analisogeza kwa kiganja akaingia, kwa sababu nyuma yake mlango uko wazi. Alichokifanya marehemu ni kingine: alijenga ukuta.

Sitaki uniamini kwa maneno matupu. Chukua nakala ya faili lako, nakala nasema, faili lenyewe liache. Kwenye jina lake futa .xlsx uandike .zip, halafu lifungue. Utashangaa kukuta mafolda ndani. Tangu toleo la 2007, faili la Excel ni furushi la mafaili madogo ya maandishi yaliyobanwa pamoja. Ingia kwenye folda iitwayo xl, utafute faili linaloitwa sharedStrings.xml, ulifungue kwa programu yoyote ya kuandikia. Humo mna kila neno ulilochapa kwenye shiti: majina ya wenzako, "ada ya shule", "kuezeka", jina la ugonjwa, jina la kliniki. Yanasomeka waziwazi. Hakuna aliyekuuliza nywila.

Ukiwa bado humo, ingia kwenye folda ya worksheets ufungue sheet1.xml. Kuna kipande kinachoanza na neno sheetProtection. Nywila yako ndipo ilipo, imesagwa hata haisomeki, lakini kazi yake ni moja tu: kuiambia Excel imzuie mtu kuhariri. Haijagusa yaliyoandikwa. Mtu akikifuta kipande hicho, akalifunga furushi na kulirudishia jina lake la .xlsx, pazia limeondoka. Nywila iwe na herufi 4 au 40, ni mamoja. Kwenye mafaili ya zamani ya .xls ilikuwa dhaifu zaidi: programu fupi ilijaribu michanganyiko isiyofika 200,000, ikapata mmoja unaokubali hata kama si nywila uliyoiweka.

Microsoft wenyewe wanaandika kwenye maelezo yao kwamba ulinzi wa shiti haukukusudiwa uwe ulinzi wa siri. Umewekwa ili mtu asije akafuta fomula kwa bahati mbaya, na kwa kazi hiyo uendelee kuutumia. Zuia safu za jumla ya hisa na riba, kidole cha mtu kisije kikaharibu hesabu ya mwaka mzima. Ila siri usiikabidhi hapo.

Na kuficha peke yake, bila hata nywila, ndiko kulikoumiza watu wakubwa kuliko wewe. Tarehe 8 Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la taarifa kutoka kwa raia, la idadi ya askari kwa kila cheo. Jibu likawa faili la Excel, likawekwa mtandaoni. Ndani yake palikuwa na shiti iliyofichwa ambayo kila aliyepitisha lile faili hakuiona: jina la ukoo, herufi za mwanzo, cheo, kituo na kitengo cha askari na watumishi 9,483. Kule kuna askari ambao hata majirani hawajui kazi yao, kwa sababu kujulikana ni hatari kwa maisha yao. Faili liliondolewa siku ile ile, lakini lilikuwa limeshapakuliwa. Mwaka 2024 mamlaka ya Uingereza inayosimamia taarifa za watu iliwatoza faini ya pauni 750,000. Ninakueleza haya ili ujue kwamba ulichokosa wewe ni maarifa ambayo hata ofisi yenye wanasheria na mafundi wake iliyakosa.

Sasa ukuta wa marehemu. Yeye alipita njia nyingine: alibofya "File", akaenda "Info", akafungua "Protect Workbook", akachagua "Encrypt with Password". Hapo Excel hailindi ukurasa, inalisimba faili zima. Kila herufi na kila tarakimu inavurugwa kwa hesabu, na ufunguo wa kuirudisha unatengenezwa kutokana na nywila yenyewe. Nywila haikuhifadhiwa popote ndani ya faili ili mtu aifute. Ukijaribu ule ujanja wa .zip, faili halifunguki. Hakuna furushi la kufungua. Ndiyo maana kijana alishindwa.

Lakini ukuta nao una unene wake. Kwenye mafaili ya .xls ya matoleo ya 97 hadi 2003, ufunguo wa kawaida ulikuwa mfupi, wa biti 40 tu, na kompyuta za leo zinaweza kuupata bila hata kujali nywila ilikuwa ipi. Lenu ni .xlsx, na hilo ni jambo jingine. Usimbaji wake ni wa aina iitwayo AES, ambayo haijavunjwa, na juu yake Excel hurudiarudia hesabu kwa kila nywila inayojaribiwa: mara 50,000 kwenye toleo la 2007, mara 100,000 tangu toleo la 2010. Wewe unayeijua nywila unasubiri kitambo kidogo. Anayekisia anasubiri kitambo hicho kwa kila kisio. Inabaki njia moja tu, kukisia.

Kwa hiyo fundi wenu hana ufunguo wa siri. Hata Microsoft hawana. Atakachofanya ni kuiachia programu ikisie, na zipo za bure zinazojulikana, kama John the Ripper na hashcat. Kama marehemu aliweka tarakimu 4, makisio yote ni 10,000 na yataisha upesi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Kama aliweka maneno matano yasiyohusiana, fundi atakula nusu ya fedha yenu na mwaka ujao bado atakuwa anakisia. Nusu ya kwanza msitoe. Alipwe faili likifunguka mbele yenu. Na flashi msimwachie kamwe, humo huenda mna namba za NIDA za wenzenu. Fundi anayeijua kazi hii kweli hahitaji yaliyomo: kuna namna ya kulitolea faili kamstari kafupi tu ka hesabu ya nywila, akafanyia kazi hako peke yake, na akiipata nywila mnalifungua faili nyumbani kwenu. Mwambie hivyo. Akikushangaa, aga uondoke. Zile tovuti zinazosema "pandisha faili lako tulifungue" ziepukeni kwa sababu hiyo hiyo.

Kabla ya fundi, kaeni mkisie kwa utaratibu. Excel hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo jina la mwanawe kwa herufi kubwa mwanzoni, kwa ndogo zote, na lenye mwaka mwishoni ni makisio matatu, si moja. Kama aliwahi kuichapa kwenye simu, huenda simu ilimwekea herufi kubwa ya kwanza bila yeye kujua. Andikeni kila mlichojaribu kwenye karatasi, maana watu watatu wakikisia kwa kumbukumbu hurudia yale yale mpaka usiku. Nendeni kwa familia yake kwa heshima, muulize kama kuna daftari lake, au kikaratasi nyuma ya jalada la kitabu. Wengi huandika. Tafuteni pia kama aliwahi kumtumia mtu nakala kwa barua pepe kabla hajaweka nywila.

Na kama haikupatikana, hesabu zenu hazijapotea zote. Kila mwanachama ana kitabu chake cha hisa chenye mihuri. Vikusanyeni vyote 27, mkae Jumamosi mbili, mjenge upya ile miaka 2 ukurasa kwa ukurasa. Marejesho yaliyopitia kwenye simu, mwanachama anaweza kuomba taarifa ya miamala yake. Nimewahi kukaa na kikundi kikafanya hivyo baada ya kompyuta kuibwa. Jioni ya siku ya pili tofauti ilikuwa ya hisa chache, na wenyewe wakakubaliana palepale.

Kuanzia sasa, safu ya H ifute. Kufuta nasema, usiifiche. Kikundi hakihitaji kuandika ugonjwa wa mtu ili kumkopesha. Neno "dharura" linatosha, na maelezo yabaki kwenye masikio ya kamati. Namba za NIDA ziweke kwenye faili la peke yake ambalo halitumwi kwa yeyote. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na habari za afya ya mtu imeziweka kwenye fungu la taarifa nyeti. Wanachama wakitaka kuona hesabu, waonyesheni jumla za kikundi, na kila mmoja apewe mstari wake. Na waombe wote wafute lile faili la mwezi uliopita kutoka kwenye simu zao, maana kulifuta kwenye kundi hakuigusi nakala ambayo mtu ameshaipakua.

Faili la kamati lisimbe kwa ile njia ya marehemu. Kuna mtego mmoja: unapohifadhi faili, Excel ina mahali pengine penye visanduku viwili vya nywila, kimoja cha kufungua na kimoja cha kuhariri. Ukijaza hicho cha kuhariri peke yake, kila mtu atalifungua na kulisoma, hatalibadilisha tu. Ni pazia jingine. Kama Excel hamna, LibreOffice ni ya bure. Unapohifadhi, weka alama kwenye kisanduku cha "Save with password", nayo inalisimba faili kweli. Ukimaliza, lifunge, ulifungue kwenye kompyuta nyingine, na kwenye simu za wanakamati mnaolitumia. Likionyesha hata jina moja kabla ya kuomba nywila, rudia kazi.

Nywila iwe maneno matano yasiyojuana. Usitumie methali wala maandishi ya kanga; watu wanaokufahamu wanazijua kanga zako. Fumba macho, fungua kamusi mahali popote, weka kidole, andika neno, mara tano. Ukipata kitu kama ungo pweza dirisha sharti kibatari, hiyo inatosha (hiyo niliyoandika hapa usiitumie). Kisha usiitume kwenye kundi lile lile ulilotumia faili. Mwambie mtu uso kwa uso, au kwa simu ya sauti.

Limebaki lililowakuta kwa marehemu, na dawa yake mnayo chumbani. Vikundi vyenu vina sanduku la fedha lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu ambao si ndugu wala hawalali nyumba moja. Andika nywila kwenye karatasi kwa mkono, kwa herufi za kusomeka, uonyeshe na nafasi kati ya maneno. Itie kwenye bahasha, uifunge kwa gundi, wewe na mwenyekiti mtie saini juu ya mkunjo, muiweke ndani ya sanduku chini ya fedha. Katibu aandike kwenye muhtasari kwamba bahasha ipo, bila kuandika kilichomo. Kila sanduku linapofunguliwa kwenye kikao, mmoja aitoe, aonyeshe saini hazijapasuka, airudishe. Siku ukibadilisha nywila, bahasha ya zamani ichomwe mbele ya kikao na mpya iingie jioni hiyo hiyo.